Viungo Vitano vya Amri

Tangazo lilisomwa Jumatatu asubuhi kwenye ngazi za Kurugenzi ya Ufafanuzi wa Amri na Mamlaka, kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikohoa kuliko msomaji wake. Taifa, lilisema tangazo, limeishi gizani kwa miaka mingi. Watu wameamrishana ovyo. Baba amemwamrisha mtoto, mwalimu amemwamrisha mwanafunzi, muuguzi amemwamrisha mgonjwa atoe ulimi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama akajiuliza amri ni kitu gani kisheria. Kuanzia siku hiyo, kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, ujinga huo ulikuwa umekwisha.

Amri, kwa mujibu wa Waraka, ni kiumbe chenye viungo vitano: mtoa amri, mpokea amri, jambo linaloamriwa, kifungu cha sheria kinachompa mtoaji mamlaka, na Cheti cha Uhai wa Amri chenye mhuri wa Kurugenzi. Ikipungukiwa kiungo kimoja tu, hiyo si amri tena. Hayo ni Matamshi Yenye Mwelekeo wa Kuamrisha, na yeyote atakayeyatii atashtakiwa kwa kosa la utiifu usio na msingi.

"Makofi," akasema msomaji.

Hakuna aliyepiga. Watu walikuwa wamesikiliza vizuri.

Hatua ishirini kutoka hapo, kwenye baraza la duka la vitabu lililofungwa zamani, alikaa mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Chapa. Alikuwa na meza moja, kiti kimoja cha mteja, na mashine ya kupigia chapa iliyomzidi umri. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua za kupeleka maofisini: maombi, malalamiko, rufaa, na shukrani kwa mambo ambayo bado hayajafanyika. Lugha ya ofisi aliijua nje ndani. Alijua kwamba "suala lako linashughulikiwa" maana yake faili limepotea, na "linashughulikiwa kwa karibu" maana yake limepotea na aliyelipoteza amehamishwa.

Lakini tangazo hili lilimsimamisha vidole. Mdogo wake wa kiume, Fundi Rangi, alikuwa mahabusu wiki ya tatu sasa, na kilichomwingiza huko ni jambo hilo hilo lililokuwa likisomwa kwenye ngazi.

Ilikuwa hivi. Fundi Rangi aliitwa kupaka rangi ukumbi wa Kurugenzi. Siku ya kwanza ya kazi akapita Mkurugenzi mwenyewe, mtu ambaye watumishi walimwita Mheshimiwa mbele yake na Kwamujibu akishatoka, kwa sababu mara chache alifungua kinywa, hata kuomba chumvi, bila kutanguliza maneno "kwa mujibu". Kwamujibu akanyoosha kidole ukutani.

"Kesho nikirudi nataka nione nyeupe tu. Nyeupe, basi."

Fundi Rangi ni kijana msikivu. Alipaka kuta. Alipaka dari. Alipaka vitasa vya milango na saa ya ukutani. Ilipofika jioni, kitu pekee kilichobaki na rangi yake kilikuwa ubao mkubwa wa mninga wenye majina ya wakurugenzi wote tangu Kurugenzi ianze, kwa herufi za dhahabu, jina la Kwamujibu likiwa la mwisho na lililonona kuliko yote. Fundi Rangi aliutazama ubao. Akaukumbuka uso wa bosi. Akachovya brashi. Aliupaka mara mbili, kwa sababu dhahabu ni rangi kaidi.

Kesho yake akashtakiwa kwa kufuta mamlaka ya umma.

Na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Kama maneno ya Kwamujibu yalikuwa amri, basi aliyefuta majina ni Kwamujibu; fundi alikuwa mkono tu. Ilibidi sheria igundue, na igundue haraka, kwamba hayakuwa amri. Wataalamu kumi na wanne wakapelekwa hotelini, wakakaa siku kumi na mbili, wakala, wakalala, wakagundua. Waraka Namba Saba ndio ulikuwa ugunduzi wenyewe.

Bahati mbaya hakimu alikuwa hajausoma. Alikuwa mama mmoja mwembamba asiyependa porojo, na siku ya Jumatano aliisikiliza kesi kwa dakika tisa.

"Uliambiwa nyeupe tu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na sasa ni nyeupe?"

"Kila kitu, Mheshimiwa."

"Basi kijana kafanya kazi yake. Aachiwe." Akaandika mistari miwili, akasaini, akaita kesi inayofuata.

Dada Chapa aliichukua karatasi ile kama mtu aliyebeba yai, akavuka mitaa minne hadi kituo cha mahabusu. Getini alimkuta Sajenti, mzee wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni kiasi kwamba alipotembea alisikika kabla hajaonekana. Sajenti aliisoma karatasi mara ya kwanza akatabasamu. Akaisoma mara ya pili, tabasamu likaondoka.

"Dada yangu, nisikilize. Kijana wako simtaki hapa. Ananipakia chokaa kuta zangu bila kuombwa, na anapiga mluzi. Lakini hii..." Aliigeuza karatasi nyuma, kana kwamba viungo vingine vilikuwa vimejificha huko. "Mtoa amri yupo. Jambo lipo. Mpokea amri ni nani? Haikunitaja. Kifungu hakuna. Cheti hakuna. Hapa nina viungo viwili, Dada. Haya ni Matamshi."

"Ni hakimu, Sajenti! Hakimu!"

"Ni Matamshi ya hakimu. Yana heshima yake." Alishusha sauti. "Mwenzangu wa zamu ya asubuhi jana kaambiwa na mkuu wake afunge kamba za viatu. Kafunga. Leo hii yuko ndani, utiifu usio na msingi. Mimi nina watoto wanne."

"Kwa hiyo mdogo wangu akae tu?"

"Hapa hakai. Hilo ndilo baya." Sajenti alikuna kidevu, akaepuka macho yake. "Ijumaa saa kumi jioni linakuja lori. Wote watakaokutwa ndani wanapelekwa gereza kuu, kule mbali. Na kule mtu anafika kwa siku mbili, faili lake linafika kwa miaka miwili. Mpaka lifike, hawajui umekwenda kufanya nini, kwa hiyo wanakuweka ili wasikosee. Leta cheti kabla ya lori, Dada. Mimi amri yenye viungo vitano sijawahi kuiona hata kwa picha, lakini ukiniletea, wallahi, nitafungua geti mpaka bawaba zilie."

Kutoka ndani ya ua ilisikika sauti ya mluzi. Kisha sauti ikaita: "Dada! Mwambie mama nakula vizuri!"

"Muongo," akasema Dada Chapa, lakini kwa sauti ndogo.

Alhamisi alifunga meza yake asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na homa, akaenda Kurugenzini.

Njiani aliona jinsi nchi ilivyokuwa imestaarabika ndani ya siku tatu. Mbele ya jengo, gwaride la heshima lilikuwa bado limesimama wima tangu Jumatatu, kwa sababu afisa wao alikosa cheti cha kuwaambia walegeze. Wake zao walikuwa wamekuja na sufuria, wanawalisha kwa kijiko, wanawafuta midomo. Kwenye zahanati ya pembeni, muuguzi alikuwa akimwambia mgonjwa kwa upole mkubwa: "Ulimi una uwezo wa kutoka nje. Hayo ni maelezo tu." Magari kwenye makutano yalikuwa yamesimama yote, kwa kuwa askari hakuthubutu kusema piteni, na madereva hawakuthubutu kupita bila kuambiwa.

Ukumbi wa Kurugenzi ulikuwa mweupe pee. Watu wamejaa hadi ngazini. Nyuma ya Dirisha la Tatu alikaa mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiti kipo."

"Nikae?"

Mama wa Dirisha la Tatu aliangaza kushoto na kulia kwa hofu. "Mimi sijasema hivyo! Nimesema kipo."

Dada Chapa akakaa, kwa hiari yake na mbele ya mashahidi. Akaeleza shida. Mama alisikiliza, akavuta fomu, akaisogeza juu ya meza bila kusema "jaza." Ilikuwa na kurasa sita. Ukurasa wa pili ulimtaka mwombaji aambatishe amri iliyomwamuru aombe cheti.

"Mama, mimi sijaamriwa na mtu. Nimekuja mwenyewe."

"Hilo ni kosa la ujasiri, lakini wengi wamefanya. Andika 'haihusiki.' Yaani, kalamu inaweza kuandika 'haihusiki.'" Akachukua kipande cha karatasi, akaandika namba. "Wewe ni wa mia tatu na kumi na nane."

"Na kwa siku mnatoa vyeti vingapi?"

"Kimoja."

"Kimoja?"

"Mheshimiwa anasema vikitoka vingi neno litapoteza heshima. Anasaini mwenyewe, kwa mkono wake, hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa kitabu wala mhuri. Jumamosi na Jumapili hatufungui." Mama alipiga hesabu kwa vidole, akamtazama Dada Chapa kwa huruma ya kweli. "Ukibahatika na mambo yakaenda vizuri, mwakani kabla ya mvua."

"Mama, lori ni kesho."

"Najua, mwanangu. Namba mia moja na mbili ni mtu aliyeomba ruhusa ya daktari wake kumkata kidole tumbo. Alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe." Akavuta daftari, akaikata namba hiyo kwa kalamu.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Naibu, mtu mrefu mwenye shingo ya kuinama ambaye alikuwa Naibu kwa miaka kumi na minne na hakuna aliyekumbuka jina lake. Alikuwa na jasho.

"Jamani," alisema ukumbini, akichagua maneno kama anayekanyaga vigae vilivyolowa. "Je, miongoni mwenu yupo mtu ambaye, kwa utashi wake, bila kushurutishwa na bila kuelekezwa, angependa kupiga chapa?"

Wapiga chapa wa Kurugenzi walikuwepo wote sita, mezani mwao, mikono mapajani. Hakuna aliyekuwa na cheti cha kuwaambia wapige.

Dada Chapa alikuwa amesimama kabla Naibu hajamaliza.

Ofisi ya Kwamujibu, alikoingizwa na Naibu, ilikuwa na zulia linalomeza viatu na meza pana ya kulaza watu wawili. Mwenyewe alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma, akiimba kwa pua.

"Kwa mujibu wa dharura," alisema bila kugeuka, "tunaandaa Amri ya Usafirishaji. Kamili. Viungo vyote vitano. Itakuwa amri nzuri kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika nchi hii. Uko tayari?"

"Niko tayari, Mheshimiwa."

Akaanza kutamka, na Dada Chapa akapiga. Mtoa amri: Mkurugenzi. Mpokea amri: Sajenti wa zamu na dereva wa lori. Kifungu: kumi na tisa, fungu dogo la tatu. Jambo: siku ya Ijumaa saa kumi kamili, kupakia na kusafirisha watu arobaini na moja wasiovaa sare watakaokutwa ndani ya geti la pili la kituo cha mahabusu, bila kupungua wala kuzidi.

Vidole vyake vilipofika "arobaini na moja" vilipunguza mwendo. Mmoja kati ya hao alikuwa anapiga mluzi.

"Majina niyaweke wapi, Mheshimiwa?"

"Majina ya nini?"

"Ya hao watu."

Kwamujibu aligeuka, akamtazama kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyeuliza mwezi unalala wapi. "Binti, majina yanaleta hisia. Leo unaandika jina, kesho unaulizwa ana mke, kesho kutwa anaumwa. Sheria inataka idadi. Idadi haina mama."

Akabandika cheti cha siku ile, akakisaini, akapiga mhuri kwa kishindo. Dada Chapa alisubiri wino ukauke kidogo.

"Mheshimiwa, mmoja kati yao hakimu kamwachia jana. Ni mdogo wangu. Yule wa rangi."

Naibu alijifanya kuhesabu mapazia.

"Ahaa," akasema Kwamujibu. "Yule wa ubao."

"Alifanya ulichomwambia."

"Sikumwambia. Kwa mujibu wa Waraka, sikumwambia kitu. Nilitamani kwa sauti." Aliupenda msemo wake, akaurudia polepole. "Nilitamani kwa sauti, binti. Mtu akitamani karibu na brashi, kosa ni la brashi. Na hakimu naye, hiyo karatasi yake ni aibu. Viungo viwili! Mtu amesoma, amevaa joho, anaandika kilema."

Dada Chapa alikuwa ameandika barua za maombi elfu moja na zaidi. Alijua mtu wa namna hii hafunguki ukimwomba. Hufunguka ukimwambia kuna mahali hawamwelewi.

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema, akikunja mikono. "Hata kule kituoni wamebaki kushangaa. Sajenti mwenyewe kaniambia amri yenye viungo vitano hajawahi kuiona hata kwa picha."

"Hajaiona?"

"Hata kwa picha."

Kwamujibu alishika kiti. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kuna wilaya nzima ambayo haijawahi kuona picha yake. "Naibu! Kesho tunakwenda kituoni. Nitawafundisha mwenyewe. Tena nitafundishia ndani ya geti la pili, mahabusu nao wanufaike." Akasita. "Hayo ni matamshi, Naibu. Lakini gari lina uwezo wa kuwa tayari saa tisa."

Ijumaa saa tisa na nusu, Dada Chapa alikuwa amesimama nje ya geti la pili, uso kati ya nondo, karatasi ya hakimu mkononi. Wageni hawakuruhusiwa kupita hapo. Ndani ya ua, mahabusu arobaini na moja walikuwa wameketi chini kwa mistari, na nguo zao walizokamatwa nazo, maana serikali ilikuwa haijawapa sare. Fundi Rangi alikuwa mstari wa mbele, amekonda, kidevu kimeota ndevu. Alimkonyeza dada yake. Dada yake hakuweza kurudisha.

Kwamujibu alivaa suti ya kijivu. Alizungumza dakika ishirini na tano. Alieleza asili ya amri tangu mtu wa kwanza alipomwambia wa pili "njoo," na jinsi huyo wa pili alivyokosea kwenda. Naibu alibaki nje ya geti na mkoba. Sajenti alisimama ubavuni pa bosi, wima, saa yake ya mkononi ikielekea saa kumi bila huruma.

"Swali!" akasema Sajenti. "Mheshimiwa, kwa faida ya sisi wenye vichwa vigumu, tungeomba kuiona kwa macho. Tunaweza kuwa nayo mkononi tusijue."

"Vizuri sana. Nani ana karatasi yoyote mbovu nionyeshee?"

"Hii hapa, Mheshimiwa," Dada Chapa aliipenyeza kati ya nondo. "Ya hakimu."

Kwamujibu alicheka, cheko la mtu aliyepewa keki. Nafasi ya kumsahihisha hakimu mbele ya umma haiji kila siku. Akatoa kalamu nyekundu.

"Tazameni. Mtoa amri, hakimu, yupo. Jambo, kuachiwa kwa huyu fundi wa rangi, lipo. Mpokea amri? Amesahau! Tunaandika: Sajenti wa zamu." Akaandika. "Kifungu? Amesahau! Kumi na moja, fungu la kwanza." Akaandika. "Na roho ya mambo yote, cheti." Akafungua kitabu chake cha vyeti, akabandika cheti cha siku ile, akakisaini kwa mbwembwe, akapiga mhuri. Aliinua karatasi juu, akaizungusha ili kila mstari uone. "Mmeona? Ilikuja hapa inachechemea. Sasa ina miguu."

"Kwa hiyo sasa ni amri, Mheshimiwa?" Sajenti aliuliza.

"Amri kamili."

"Haina kasoro?"

"Nani ataitia kasoro? Nimeisaini mimi!"

"Asante, Mheshimiwa." Sajenti alipiga saluti iliyotingisha funguo zote, akaichukua karatasi kwa mikono miwili, akasoma. "Fundi Rangi! Umeachiwa. Twende ukasaini kitabu."

Fundi Rangi hakusubiri maelezo. Sajenti akafungua geti la pili, akamtoa kijana, akatoka naye, akafunga nyuma yake kama alivyofunga kila siku kwa miaka ishirini na mbili. Bawaba zililia.

Dada Chapa alimshika mdogo wake shingoni, akamgonga kifuani kwa ngumi, akamwambia ananuka, akalia.

"Hebu! Hebu!" Kwamujibu alikuwa amefika kwenye nondo. "Sajenti! Ule ulikuwa mfano! Mrudishe!"

Sajenti aliinamisha kichwa, akafikiri kwa dhati. "Mheshimiwa, 'mrudishe' ina viungo vingapi?"

"Nini?"

"Mpokea amri nipo, ni mimi. Mtoaji upo. Jambo lipo. Nahesabu vitatu. Kifungu sijakisikia, na cheti sikioni."

"Basi fungua geti nitoke!"

"Hiyo nayo ni vitatu. Ningependa sana, Mheshimiwa, Mungu ni shahidi. Tatizo ni utiifu usio na msingi. Umetufundisha vizuri mno."

"Naibu! Leta..." Kwamujibu alijitazama mkononi. Kitabu cha vyeti alikuwa nacho mwenyewe. Na mhuri. Akakifungua haraka.

"Cha leo kimetumika, Mheshimiwa," Naibu alisema kwa adabu kutoka nje. "Kimoja kwa siku, kwa mujibu wa Waraka. Ukitoa cha pili, vyote viwili vinakufa na anayekishika anashtakiwa. Uliliongeza mwenyewe hilo, siku ya kumi na moja kule hotelini, baada ya chakula cha mchana."

"Toa cha kesho!"

"Kesho Jumamosi."

Nje honi ililia. Lori liliingia kinyumenyume hadi mdomo wa geti, la rangi ya kijani, nyuma lina wavu. Dereva akashuka na karatasi safi, iliyopigwa chapa vizuri.

"Hii ndiyo amri nzuri kuliko zote," alisema dereva kwa fahari. "Nimeambiwa niikunje mara moja tu. Watu arobaini na moja wasiovaa sare, ndani ya geti la pili, saa kumi kamili, bila kupungua wala kuzidi. Umewahesabu?"

Sajenti alitazama saa. Saa kumi kamili. Akaanza kuhesabu kwa kidole kupitia nondo, mstari baada ya mstari, midomo ikicheza. Dada Chapa, mkono bado umemshika mdogo wake, alijikuta naye anahesabu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Kidole cha Sajenti kilikwenda hewani kikitafuta, kikapita kwenye ukuta wa chokaa, kikasimama juu ya suti ya kijivu.

"Arobaini na moja," akasema. "Imetimia."

"Mimi ni Mkurugenzi!" Kwamujibu alipiga kelele. "Mnanijua! Nyote mnalijua jina langu!"

"Hapa hakuna sehemu ya majina," dereva alisema, akikagua karatasi mbele na nyuma. "Kuna idadi tu."

Walimpandisha kwa heshima. Mahabusu mmoja, mzee mwenye jicho moja, alimpa mkono apande, akampisha sehemu isiyo na grisi, akamuuliza ameiba nini. Lori lilipokata kona, suti ya kijivu bado ilionekana kwenye wavu, mdomo unafunguka na kujifunga, ukitoa matamshi.

Jumatatu asubuhi tangazo jingine lilisomwa kwenye ngazi. Mkurugenzi yuko katika ukaguzi wa kina wa magereza, na ili usiwe ukaguzi wa juujuu ameamua kuufanya akiwa ndani.

Saa tano Naibu akaja kwenye baraza la duka la vitabu. Alikaa kwenye kiti cha mteja bila kuambiwa, akafuta shingo.

"Dada, naomba barua. Ya kuomba arudishwe."

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Tumekaa tu." Aliinama karibu. "Gereza kuu wanasema wao wanangoja faili. Sasa yeye hakushtakiwa, faili hana. Wanasema asiye na faili ndiye wa kuwekwa kwa uangalifu zaidi."

"Si muwapelekee amri ya kumwachia?"

"Inataka cheti."

"Kitabu kiko wapi?"

"Anacho yeye."

"Na mhuri?"

"Anao yeye. Na kule, mahabusu haruhusiwi kusaini kitu mpaka faili lifike." Naibu alivuta pumzi ndefu. "Andika tu, Dada yangu. Wewe unayajua maneno yao."

Dada Chapa aliingiza karatasi, akaizungusha, akailainisha kwa kiganja. Akaweka tarehe. Vidole vikasimama juu ya herufi.

"Niandike inakwenda kwa nani?"

Naibu aligeuka. Alitazama jengo la Kurugenzi, ghorofa baada ya ghorofa, madirisha yote yamefunguliwa na nyuma ya kila dirisha mtu amekaa mikono mapajani akisubiri kuambiwa. Akafuta shingo tena.

"Andika," alisema mwishowe, "Kwa Yeyote Mwenye Mamlaka."

Akaandika. Barua ilikuwa nzuri, fupi, haina kosa hata moja. Naibu aliisaini, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akasimama nayo katikati ya barabara, akageuka huku, akageuka kule. Ilipofika saa nane mchana alikuwa bado amesimama pale pale, bahasha mkononi, akiwauliza wapita njia, kila mmoja kwa adabu, kama kwa bahati ni yeye.